Kadi za Mweru: Darasa la Kuuza Kazi ya Mkono Wako



Darasa la toleo hili limetokana na swali. Dada yetu mmoja, mwanafunzi, kwao ni Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Wazazi wake walivuka zamani kutoka upande wa Pweto, Kongo, na nyumbani kwao bado wanazungumza Kiswahili. Mama yake anauza chisense, dagaa wadogo wa ziwa hilo wanaoanikwa juani. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu mzigo huadimika, na ada ya chuo haisubiri ziwa lifunguliwe.

Dada huyu anajua kuchora. Likizo mbili mfululizo ametengeneza kadi za mkono, vipande vya kuwekea alama kitabuni na mikufu ya funguo ya ubao, akawa anauzia walimu, wauguzi na wageni wanaopita kwenda kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Kazi ilikwenda vizuri hadi ndugu mmoja alipomwambia, mbele ya watu, kwamba pesa anayoipata ni haramu kwa sababu anachora viumbe. Akaacha siku hiyohiyo. Sasa anauliza: je, arudi au asirudi? Na akirudi, achore nini, maana wateja wake wanataka samaki?

Swali hili si lake peke yake. Hapa kampasi wapo wanaochora kadi za Idi, wanaobuni kadi za harusi kwa simu, wanaofuma, wanaopaka hina. Kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu, kwanza upande wa hukumu kisha upande wa soko. Na upande wa soko nao una hukumu zake, ambazo aghalabu tunazisahau.

Mchoraji aliyekwenda kwa Ibn Abbas

Swali la dada yetu limeshaulizwa, na muulizaji alikuwa katika hali ileile. Imam Bukhari amepokea katika mlango wa biashara kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kutengeneza picha. Ibn Abbas hakumjibu kwa maoni yake. Alimsimulia alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba mwenye kutengeneza picha ataadhibiwa na kutakiwa aipulizie roho, naye hataweza kamwe. Yule mtu alitaharuki, uso ukambadilika rangi. Alipomwona hivyo, Ibn Abbas akamwambia kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Tazama namna alivyojibiwa. Hakuambiwa aache kuchora akae bure, wala hakuambiwa kwamba riziki ya mchoraji ni najisi kwa asili yake. Alionyeshwa mlango uliofungwa, kisha akaonyeshwa uliowazi. Ndugu yetu aliyemkemea dada msikitini alifikisha nusu ya kwanza ya hadithi akaiacha ya pili, na nusu ile ya pili ndiyo iliyokuwa na chakula cha mtu.

Sasa kuhusu hukumu yenyewe. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi ambao wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu yao, wanakataza kutengeneza sura ya kiumbe mwenye roho, iwe ya kuchonga au ya kuchora. Imam Nawawi ameliweka wazi hilo katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Miongoni mwa Wamaliki wapo waliosema kilicho bapa, kisichotoa kivuli, ni makuruhu wala si haramu, na katika hoja za upande huo imo hadithi inayobagua nakshi iliyo katika nguo. Wanavyuoni wa zama zetu wametofautiana zaidi, hasa baada ya kuja kamera. Mimi ushauri wangu kwa dada yetu ni kufuata njia ya Ibn Abbas, kwa sababu inamtoa katika hitilafu na haimpunguzii riziki, kama nitakavyoonyesha. Lakini sitamwita fasiki mwenzake aliyefuata mwanachuoni mwingine kwa elimu, na sitampa mtu yeyote ruhusa ya kumwaibisha binti mbele ya safu.

Samaki je? Samaki ana roho, kwa hiyo yumo. Katika mazungumzo yetu mmoja alileta hoja kwamba chisense akishaanikwa ameshakufa, basi picha yake ni picha ya kitu kisicho na roho. Tulicheka, lakini hoja ina mzizi wa kweli. Imepokewa kwamba Jibril (a.s.) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili ibaki kama mti, na wanavyuoni wakachukua kutoka hapo kwamba kinachoangaliwa ni umbo: je, ni umbo la kiumbe kinachoweza kuishi? Chisense huanikwa mzima, kichwa, jicho na mkia. Umbo lake kwenye karatasi halitofautiani na la aliye majini. Hoja imeanguka, ila samaki aliyekatwa kichwa na kupasuliwa ana mjadala wake. Amuulize sheikh wake.

Kisicho na roho, na ziwa limejaa

Wengine wakisikia "miti tu" wanaona wamefungiwa. Hebu tutazame Mweru. Ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, nusu Zambia nusu Kongo, na jioni jua huzama upande wa Kongo juu ya maji. Kuna mitumbwi iliyovutwa mchangani, nyavu zilizotundikwa, vichanja vya kuanikia, taa za wavuvi usiku, kisiwa cha Kilwa kwa mbali. Nyuma ya ufukwe kuna miembe na mashamba ya mihogo. Kwenye mto Kalungwishi, unaoingia ziwani humo, kuna maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume, ambayo mgeni akiyaona hutaka kuondoka nayo hata kwenye karatasi. Kadi kumi na mbili hapo zimeshapatikana na hujamchora hata kuku.

Nakshi nazo zina nasaba ndefu kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi wa misahafu waliopamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, mistari na maua yakijaza pambizo. Milango ya Lamu na Zanzibar ni darasa jingine la mizabibu, minyororo na mawaridi. Mtu akitaka kadi ya Idi isiyofanana na zile za kiwandani, achukue daftari aende akanakili ukingo wa mlango.

Nitaje kitu ambacho vijana hawakifikirii: kanga. Kabla ya kadi za karatasi kuingia nyumba zetu, mwanamke alimtumia mwenzake ujumbe kwa kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, yaani maneno. Na muuza kanga yeyote atakwambia kwamba rangi humsimamisha mnunuzi, lakini maneno ndiyo humfungua mkoba. Kadi ni hivyohivyo. Dada yetu auze kadi zenye maneno mafupi ya Kiswahili kwa wale wa Mantapala, ambako wengi wametoka Haut-Katanga na Tanganyika na wanazungumza Kiswahili, na za Kibemba kwa wenyeji. "Natotela," yaani asante, neno moja tu chini ya mtumbwi, litauzika Kashikishi mwaka mzima.

Tahadhari moja hapa. Usiandike aya ya Qur'ani kwenye kadi ya kupeana ovyo. Najua zinavutia na zinauzika. Lakini kadi hukaa mezani wiki moja kisha huenda kapuni, au hufungiwa maandazi. Andika dua kwa Kiswahili, au "Idi Mubarak", na hati ya Qur'ani iweke kwenye kazi kubwa itakayotundikwa na kuheshimiwa.

Na kadi za sikukuu za wenzetu? Zambia katiba yake inaitangaza kuwa nchi ya Kikristo, na Desemba dada yetu ataombwa kadi za Krismasi bila shaka. Wanavyuoni wengi wanakataza kumtengenezea mtu kitu mahususi cha ibada yake. Njia nyepesi ni kadi isiyo na maneno ndani. Alfajiri ya ziwa haina dini, na mnunuzi ataandika anachokitaka kwa kalamu yake.

Wachoraji wawili wa jirani

Nataka tuwatazame watu wawili waliouza picha ndogo kwa watu wa kawaida. Simaanishi kutoa fatwa juu ya walichochora, maana wote walichora viumbe. Natazama biashara yao.

Wa kwanza ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao laini wa kujengea na rangi za mafuta za madukani, zile za kupakia baiskeli, akauza picha zake kwenye duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali wageni walipokuwa wakinunua mboga. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka minne hivi. Wanafunzi na jamaa zake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika chenye jina lake. Leo "tingatinga" ni jina la mtindo mzima, na wapo wanaouza kwa jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Wa pili ni jirani wa Mweru hasa. Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora juu ya magunia ya unga, akauza kwa mkono wake, mteja mmoja baada ya mwingine. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, historia nzima ya Kongo, picha mia moja na zaidi, na wakazungumza juu ya kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Picha moja ilikuwa mapambo ya sebuleni. Mia moja, zikiwa zimepangwa, zikawa kitabu cha historia. Anayetengeneza kadi ajifunze hapo: usiuze kadi moja moja zisizohusiana. Tengeneza mfululizo wa sita, "Siku moja Nchelenge", kuanzia alfajiri hadi taa za usiku. Aliyenunua ya kwanza atarudi kutafuta iliyomkosa.

Jambo la kunakili linaingia hapa. Mtindo haumilikiwi, lakini picha fulani ya mtu fulani ni mali yake. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa na sheria ya Kiislamu, na kuzivamia hakufai. Sheria ya hakimiliki ya Zambia ya mwaka 1994 nayo inalinda kazi ya sanaa kwa maisha ya mwenyewe na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo ile tabia ya kushusha maua kutoka mtandaoni, kuyachapa na kuyaita "kazi ya mkono" ina makosa mawili: umechukua cha mtu, na umemdanganya mnunuzi. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, aliuliza kwa nini ulowevu haukuwekwa juu watu wauone. Kadi iliyochapwa iseme imechapwa. Hakuna aibu, na bei yake ni yake.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Dada yetu alikuwa akiuza kadi kwa kwacha 10 na kuamini anapata 10. Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za mahali pake.

Karatasi nene ya A4 ukiikata mara mbili na kukunja kila kipande, unapata kadi mbili za A6, zinazoingia kwenye bahasha ya C6. Tuseme karatasi ni kwacha 5, basi kila kadi 2.50. Bahasha 1.50. Rangi na gundi 1. Kifuko cha plastiki ngwee 50, nacho si anasa, kwa sababu hewa ya ziwani hukunja karatasi ndani ya siku chache. Jumla 5.50. Sasa muda: ukitengeneza kadi tatu kwa saa, na saa yako ukaithamini kwacha 15, kila kadi imekula 5. Tumefika 10.50. Na katika kila kumi, moja huharibika. Kumi zimekugharimu 105 na za kuuza ni tisa, kwa hiyo kila moja imesimama karibu 11.70. Kwa bei ya 10 alikuwa akimlipa mteja ili aichukue kadi.

Ukimpa mwenye duka akuuzie naye akataka kwacha 4, bei inayoeleweka ni 18, na faida yako ni 2.30 hivi. Ni ndogo, lakini ni ya kweli. Gharama inashuka ukitumia vipande vya kitenge, ambavyo fundi cherehani huvitupa: mtumbwi wa kitenge uliobandikwa kwenye karatasi ya kahawia ni mzuri kuliko wa rangi, na huenda haraka. Chagua vya maua na mistari tu, maana vitenge vingine vina ndege.

Wapo watakaonunua kwa huruma, hasa wageni wa mashirika wakisikia habari za wakimbizi. Sipendi biashara hiyo. Mwaka 2017 watu walipovuka kwa maelfu kuja Kenani, na mwaka uliofuata Mantapala ilipofunguliwa, kila mwenye kamera alipiga picha za huzuni. Dada yetu asiandike nyuma ya kadi msiba wa watu ili ipande bei. Aandike jina lake, mahali alipochora na kwamba kitenge kimebandikwa kwa mkono. Huruma hununua mara moja tu.

Kwa mwenye duka, mkataba ni uwakala, na ujira wake ujulikane kabla. Bukhari ametaja kauli ya Ibn Abbas kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza hiki, kitakachozidi kiasi fulani ni chako. Iandikeni, ngapi umempa na ngapi zimerudi, hata kama ni mjomba wako.

Oda za harusi ndizo zenye fedha, na ndizo zenye ugomvi. Nimeziona kadi 150 za harusi zilizokosewa jina la bwana harusi, na pande mbili zikalaumiana mpaka siku ya nikaha. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Mashafi huipitisha oda kwa mlango huo wa salam, ambao unataka malipo yote yatolewe papo hapo. Mahanafi wana mkataba wa istisnaa, na Majmaa ya Fiqhi katika kikao cha Jeddah mwaka 1992 iliukubali, pamoja na kulipa kwa awamu. Kwa hiyo waweza kupokea nusu kwa simu na nusu siku ya kukabidhi. Lakini ukubwa, rangi, idadi, tarehe na tahajia ya majina viwe kwenye karatasi, na mteja atie sahihi kwenye kadi ya sampuli kabla hujatengeneza ya pili.

Majira nayo yana uzito. Mwishoni mwa Julai kuna Mutomboko huko Mwansabombwe, sherehe ya Mwata Kazembe, na barabara ya kutoka Nchelenge hujaa wageni. Kushiriki mila za sherehe ni suala jingine, ila kuweka meza kando ya barabara ni biashara. Tusisahau kwamba waungwana wetu waliwahi kufika kwa Kazembe wakitafuta mali. Livingstone alipopita huko mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa ameshaishi pale miaka mingi. Bidhaa kubwa za misafara ya zama zile zilikuwa pembe za ndovu na binadamu. Binti wa Kiislamu akikaa barabara ileile akiuza karatasi aliyoichora mwenyewe, na akamweleza mnunuzi ukweli wa alichonacho, sioni kwa nini msikiti umkemee.

Dada yetu ameshaanza tena. Ametengeneza mfululizo wa kwanza: mtumbwi, wavu, kichanja, Lumangwe, mwembe, taa za usiku. Alinitumia ujumbe kwamba mteja wake wa zamani, mwalimu mmoja, alizigeuzageuza kadi zote sita kisha akauliza samaki wamekwenda wapi. Akamjibu kwamba ni Januari, wamefungiwa. Mwalimu akacheka, akachukua seti mbili.